Mume Wangu, Staa wa Filamu

Mume wangu si mwongo. Hilo naliweka mbele kabisa, maana najua mkishasikia mtamwita hivyo, na mimi sitawaruhusu. Mwongo ni mtu anayesema. Mume wangu alinyamaza tu, sisi wengine ndio tukajaza.

Ni fundi rangi. Mikono yake imekwaruzwa na msasa, na kucha haziishi rangi hata aoge vipi. Yeye na wenzake waliitwa kupaka nyumba moja ambayo ingepigwa picha za filamu. Na si filamu hivi hivi. Ilikuwa sehemu ya pili ya ile iliyowaliza watu mtaa mzima, ile iliyoisha mwanamke kasimama ndani, mtu anabisha hodi, na hatuonyeshwi ni nani. Watu waligombana kwa ajili ya mlango ule. Wengine wanasema ni mumewe, hakufa. Wengine, mume gani, si tulimwona akizikwa? Binti yetu mkubwa, yuko sekondari, alikuwa kwenye kundi la mashabiki la simu, na humo walikuwa wakitukanana kutwa.

Huko kwenye nyumba siri ilibanwa sana. Simu zinakusanywa getini kwenye beseni, na kila anayeingia, hata mpika chai, anasaini kwamba hatasema aliyoyaona. Mume wangu naye akasaini. Siku ya kwanza aliporudi, binti alimrukia kabla hajavua viatu: Baba, umewaona? Nani anabisha?

"Nimesaini, mwanangu," akamjibu. "Siruhusiwi kusema."

Ilikuwa kweli tupu. Ila hakuwa na lolote la kusema, na hilo hakuliongeza. Binti akamuuliza kama na yeye yumo kwenye filamu. Baba mtu akatabasamu. Tabasamu lile ndilo lililotuponza.

Ukweli nilikuja kuujua baadaye. Kuna siku mtu aliyetakiwa kupita nyuma ya waigizaji amebeba ngazi hakufika, wakamwambia fundi apite yeye. Akapita. Ngazi ikalia kwiii, wakamwambia asante, basi, watapiga bila mtu. Uigizaji wake wote ndio huo.

Lakini mtaani haikupita muda akawa anaitwa Staa. Mimi ni msusi, nasukia barazani kwangu, na wateja wakaanza kuja hata wale ambao nywele zao bado nzuri, ili mradi wanichimbe. Nilikuwa nawaambia hata mimi mkewe haniambii, na nilikuwa nasema hivyo kidevu kiko juu. Mmoja akasema kimya kingi kina mshindo mkuu, wenzake wakaitikia. Mama yangu mzazi, ambaye tangu siku ya posa alikuwa akiuliza kama rangi inaliwa, akaanza kumwita "mkwe wangu" mbele za watu. Walimvika mume wangu kilemba cha ukoka, naye akakitengeneza kikakaa vizuri. Hata mwendo ulibadilika, jamani.

Filamu ikiwa inakaribia kutoka, skripti ikavuja. Kurasa zilipigwa picha, zikamwagwa kwenye kundi la mashabiki, na kabla ya mchana kila simu ilikuwa nazo. Binti alikuja sebuleni na wenzake wa mtaani, wakazisoma kwa sauti wakimtafuta baba yake. Daktari si yeye. Mwenye nyumba si yeye. Kuna askari mmoja, lakini ameandikwa ni mnene. Kurasa zikaisha, na wote wakamgeukia mume wangu, aliyekuwa amekaa pale pale.

Hapo ndipo angesema. Mlango ulikuwa wazi, angeutokea hata kwa mzaha, tungecheka, tungelala. Badala yake akajikohoza, akasema, "Hizo si zote."

Na kweli hazikuwa zote, hata mtoto angeona, zilikatika katikati ya sentensi. Lakini wale waliisikia kwa njia yao. Jioni hiyo hiyo kundi zima lilikuwa limeandikiwa kwamba Staa anazo kurasa zilizobaki.

Jumamosi iliyofuata wakaja wanaume wawili. Mmoja alikuwa msimamizi wa ile filamu, ana miwani, anaongea polepole. Walitukuta na watu barazani na sebuleni, mama yangu akiwemo, maana siku hizo nyumba yetu haikukosa wageni. Msimamizi akasema mbele ya wote kwamba skripti imeibwa, na kila anayeulizwa anaitaja nyumba hii. Akamuuliza mume wangu alipewa na nani.

Nimelala na mtu huyu miaka, namjua. Nilimwona akionja. Watu wote wale wakimtazama, mgeni mwenye miwani akiamini kwamba yeye ni mtu wa kukabidhiwa skripti. Alikaa kimya, na kimya kile kilikuwa kitamu kwake, Mungu anisamehe, na mimi pia nilijinyoosha kitini.

"Mafundi wenzako wote tumewasimamisha," msimamizi akasema. "Mpaka ijulikane ni nani. Kesho jambo hili nalipeleka polisi."

Mume wangu akatazama miguu yake. Nilidhani hatasema. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo kila mtu aliisikia:

"Bosi, mimi sijawahi kuishika hiyo skripti. Mimi ndiye niliyepaka ule ukuta wa sebule. Siku ile ya ngazi mlinitoa, mkasema inapiga kelele. Mimi simo. Kila asubuhi nilikuwa nakusalimia."

Msimamizi akamkazia macho, akitafuta sura ile mahali kichwani mwake. Hakuipata. Akamgeukia mwenzake. "Basi si yeye," akasema, akatuomba radhi kwa usumbufu, wakaondoka.

Afadhali wangecheka. Hakuna aliyecheka. Mmoja akakumbuka ameacha jiko, mwingine mtoto wake analia, wakatoka mmoja mmoja wakiaga kwa adabu kama wanatoka kumwona mgonjwa. Mteja niliyekuwa nimemsuka nusu alisema atakuja siku nyingine, akaenda hivyo hivyo. Mama yangu akaomba maji, akanywa, akaniambia na yeye anakwenda. Hakuaga mkwe. Binti alikuwa ameshaingia chumbani. Nilitamani ardhi ipasuke, na nikasema maneno kwa mume wangu ambayo siyarudii hapa.

Wenzake wakarudishwa kazini. Aliyevujisha hakujulikana. Mtaani jina la Staa likafa bila tangazo.

Siku chache baadaye niko uani naanika nguo, mume wangu ametoka kazini anaosha brashi zake. Nje ya ukuta tukasikia sauti ya binti yetu na wasichana wa shuleni kwake, wa mbali, ambao hawakuwepo Jumamosi ile. Walikuwa wanamcheka: eti baba yako wamemfukuza kwenye filamu, hamna kitu. Naye akawajibu, sauti imekaza, kwamba wamemfukuza kwa sababu ndiye aliyeiba skripti. Aliichukua mwenyewe mezani kwa bosi, na polisi wanamtafuta.

Wale wasichana wakaguna kwa heshima. Nikamtazama mume wangu. Kama ni kofi, lilimpata vizuri. Akaweka brashi chini, mikono inachuruzika, akafungua geti.

"Sikuiba kitu," akawaambia. "Nilikwenda kupaka rangi. Wengine waliigiza, mimi nilipaka rangi."

Safari hii hakuna aliyemlazimisha. Wasichana wakasalimia, wakajiondokea wakisukumana. Binti alibaki na mkoba wake kifuani, machozi yanamtoka, anamtazama baba yake kwa uso ambao sijawahi kuuona.

"Baba," akasema, "si ungeniachia hata hiyo hadithi?"

Mume wangu akarudi kwenye brashi zake. Na mimi, mwenye mdomo wote huu, nikarudi kuanika nguo.