Tanzia ya Bibi wa Katuni

Nilitangaza kifo cha mtu ambaye hajawahi kuzaliwa, na nikaweka anwani ya nyumbani kwetu. Naanza na hilo kwa sababu mama anasema nina tabia ya kuanzia hadithi pale ambapo mimi ndiye niliyeonewa. Haya, nilikosa. Lakini nilionewa pia, na hilo nitalisema hata kama hakuna aliyeniuliza.

Walionionea ni studio moja ya katuni za watu wazima, huko nchi za baridi. Ukitamka hivyo darasani kwetu wavulana husogea karibu, kwa hiyo nieleze mapema: hakuna anayevua nguo. Ni katuni ambazo watu huzeeka, huugua na hufilisika, na hakuna sungura hata mmoja anayeimba. Filamu yao kubwa, ya sehemu tatu, ilimhusu bibi mjane aliyempakia mumewe, maiti, juu ya punda, akavuka naye jangwa ili akamzike kwao. Ya kwanza anaondoka. Ya pili anafika nusu ya njia, punda anagoma, na marehemu ameanza kumtia aibu mbele za watu kwa sababu ya jua. Ya tatu ndiyo ilikuwa ya kuzika. Tuliahidiwa.

Mimi nilikuwa na sababu yangu ya kuingoja. Mama anatandika vitanda katika hoteli moja ya Al Garhoud, hapa Dubai. Mama yake alifia Tanga nikiwa darasa la nane, na ruhusa ya kazini ilitoka siku ya tatu. Kwetu maiti haingoji siku ya tatu. Mama aliisikiliza dua ya maziko kwenye simu, amekaa juu ya ndoo ya kufulia, kisha akaenda zamu ya jioni. Sikuwahi kumwona akilia, mpaka tulipotazama filamu ya pili, bibi alipomfunika mumewe kwa shuka lake mwenyewe. Hapo nikajiapia: ya tatu ikitoka tutaitazama pamoja, naye atashuhudia mtu akizikwa vizuri.

Kiingereza chake ni cha vyumbani, kwa hiyo kila Ijumaa baada ya chakula nilikuwa mkalimani. Nasimamisha filamu, natafsiri, naendelea. Nikichoka natia yangu. Punda nilimfanya azungumze kama mjumbe wa nyumba kumi. Mama alikuwa akisema, "Hapo umeongopa," lakini hakuwahi kusema tuzime.

Siku ya tangazo nilikuwa kwenye basi la shule. Studio iliandika kwamba filamu basi. Kuanzia sasa watatengeneza gemu, na safari ya bibi itaendelea humo, ambapo sisi wapenzi wao tutamwongoza wenyewe, popote tutakapo, bila mwisho. Waliandika kwa furaha, kama mtu anayekuletea habari za posa kumbe anakurudishia barua.

Kundi letu la mtandaoni likalipuka. Tulikuwa kama arobaini, Waswahili wa Ghuba na wa nyumbani, na msimamizi alikuwa kaka mmoja wa Unguja anayeuza simu soko la Deira.

"Mimi sikatai mchezo," kaka wa Unguja akaandika. "Nauliza tu, maiti itazikwa lini?"

Rafiki yangu wa darasani, mtoto wa Mombasa aliyehamia mtaa wa Al Warqa, akajibu, "Bro, haizikwi. Ni dunia wazi. Unazunguka tu unakusanya maji."

"Miaka mingapi?"

"Hata kumi ukitaka."

"Basi hiyo si dunia, hiyo ni barzakh, ya kungoja kiyama."

Rafiki yangu hakucheka. "Nyinyi wazee mnapenda kukaa mkionyeshwa. Hizo filamu zilikuwa za kulala. Wewe mwenyewe nilikuona shuleni unakoroma."

Hapo alikuwa ananisema mimi. Niliumia kuliko nilivyotaka ijulikane. Filamu ya kwanza tuliigundua pamoja, yeye na mimi, tumejibanza maktaba na waya mmoja wa masikioni. Sasa amehamia upande wa pili asubuhi moja tu, hata chai haijapoa. Nikamwandikia kwamba mtu anayefurahia maiti isizikwe akapimwe. Akaniita mjane. Kundi zima likacheka, na wakapiga kura. Wapenda gemu wakashinda kwa mbali. Waliokuwa wakiandika "tunaisubiri ya tatu, inshallah" wiki iliyopita, leo wanaulizana simu gani itabeba gemu.

Sasa mimi nikikasirika hufanya mzaha. Ni ugonjwa. Nikaandika tanzia, na nikaiandika kisawasawa, maana nimezisoma nyingi kwenye simu ya mama. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Kwa masikitiko makubwa familia inatangaza kifo cha Bibi yetu mpendwa, kilichotokea ghafla leo asubuhi akiwa safarini, mbali na kwao. Ameacha punda mmoja na wapenzi wengi wanafiki. Msiba uko nyumbani, Al Garhoud, nyuma ya duka la dobi, ghorofa ya pili. Hitima kesho Alhamisi baada ya Alasiri. Habari ziwafikie wote.

Nikaituma. Kaka wa Unguja akacheka mpaka akatuma sauti. Nikalala nikiwa mshindi.

Niliyemsahau ni yule rafiki yangu. Aliipenda tanzia, hilo alikiri baadaye, akataka kumwonyesha shangazi yake. Ila aliona ya punda na wanafiki itafichua mzaha, akaikata sentensi hiyo moja, akaituma ilivyobaki. Alitaka aone kama shangazi ataingia mtegoni. Shangazi hakuingia tu, aliwavuta na wenzake. Habari ziwafikie wote, nami ndiye niliyeandika hivyo. Kufika usiku ilikuwa kwenye kundi la kina mama wa Pwani wote waliopo Dubai.

Na kwetu ukisikia msiba huulizi marehemu ni nani. Unauliza saa ngapi.

Alhamisi nilirudi kutoka shule nikakuta viatu mlangoni. Viatu vya kike, safu tatu, mpaka kwenye ngazi. Ndani kina mama wameketi chini na kanga zao, sukari kilo kilo imepangwa ukutani, mmoja amekwisha kumimina kahawa. Walidhani ni mama wa baba. Baba mwenyewe alikuwa na lori lake Hatta, kwenye milima, simu haishiki, na ninamshukuru Mungu kwa milima ile. Mama alikuwa amesimama katikati na sare ya hoteli, ndiyo kwanza anaingia, anapewa mikono ya pole na kila mtu, na anauliza kwa sauti ndogo, "Nani? Jamani, nani?"

Mama mmoja akamwonyesha simu. Mama akasoma. Akasoma tena. Akaniangalia mimi mlangoni.

"Bibi yupi huyu?"

Nilikuwa na uongo wa aina tatu tayari. Nikasema wa nne, ambao ni ukweli. "Wa katuni, mama. Yule wa punda."

Kicheko kimoja kikatoka jikoni, na cha pili, na mama mmoja akasema, "Nimeacha mboga motoni kwa sababu ya katuni." Nikaanza kuamini nitapona. Wengine walinikonyeza. Shangazi wa rafiki yangu akawa anafunga tena sukari yake.

Aliyebaki hacheki ni dada mmoja wa Korogwe, mfanyakazi wa ndani katika jumba moja Al Warqa. Alikuwa bado na aproni chini ya abaya. Alisimama pole pole.

"Mimi madam wangu ana sheria," alisema, na hakuwa anasema na mimi, alikuwa anasema na mama. "Ruhusa ya msiba ni mara moja kwa mkataba. Nimeiomba leo. Nimempigia magoti. Na baba yangu yuko hospitali Korogwe, dada, unajua. Nikipigiwa simu kesho nimwambie nini madam?"

Akatafuta viatu vyake katika zile safu, akashuka ngazi, teksi ikiwa inamngoja chini. Wengine wakaondoka mmoja mmoja, bila kelele, na sukari yao.

Tulipobaki wawili mama alianza kukusanya vikombe. Nikamfuata jikoni. Nilikuwa na hotuba. Nikamwambia habari zote, studio, tangazo, gemu isiyo na mwisho, rafiki yangu aliyenigeuka mara mbili kwa siku mbili. Nikamwambia kwamba hasira yangu haikuwa ya kwangu, ilikuwa ya kwake. Kwamba nilitaka yeye aone mazishi, kwa sababu ya bibi wa Tanga, na wale watu wamemnyima. Nilikaribia kulia, na nusu yake haikuwa maigizo.

Mama akafunga bomba. Akajifuta mikono kidole kimoja kimoja, kama anavyofanya akimaliza chumba.

"Usinitie mimi humo," alisema. "Mama yangu alizikwa, na waliomzika nawajua kwa majina. Huyo bibi wako wa punda mimi hata simpendi. Nilikuwa nakaa kwa sababu na wewe ulikuwa unakaa. Sasa vaa viatu. Tunakwenda Al Warqa, utagonga lango la yule madam mwenyewe, umwambie kwamba hakuna aliyekufa na ruhusa ya yule dada bado ni nzima. Na akikufukuza, utagonga tena."