Maswali Matatu ya Renata

Renata Pulkinen alipoletwa kwenye karakana yetu ya malori ya kuondoa theluji, huku kaskazini mwa Minnesota, sikumpenda, na sioni haya kusema. Alikuwa ametoka jeshini, sajini wa misafara ya malori, na ofisi ya kaunti ilimwajiri kwa majaribio bila kuniuliza mimi msimamizi. Wakati huohuo fununu zilikuwa zimezagaa kwamba dereva mmoja atapunguzwa. Mtu analetwa bila kuombwa, na mwingine anatafutwa wa kutolewa. Wewe ungelala usingizi?

Udereva wake haukuwa na dosari. Kabla ya kuwasha gari alilizunguka lote, akigusa kila nati, akiinama kukagua bledi ya mbele, lile bamba la chuma la kusukumia theluji. Sisi tulimchungulia dirishani huku tunakunywa kahawa. Orrin Bakke, dereva wetu mkongwe, alisema yule hakagui lori, anatukagua sisi.

Baada ya dhoruba ya kwanza ndipo mambo yalipoharibika. Tumerudi hoi, viazi vya kuokwa na nyama ya kusaga vinafuka mvuke mezani, Renata akasimama kutuuliza: tulikusudia kufanya nini leo, kimetokea nini, na kwa nini? Alieleza kwamba jeshini hakuna msafara unaorudi bila maswali hayo, na kiongozi ndiye anayeanza kutaja kosa lake. Basi akataja lake: alikuwa ameng'oa kwa bledi sanduku la barua la mjane mmoja, kando ya barabara pale njia panda.

Tulikodolea macho sahani zetu. Kwetu huku mtu hukaa miaka na jirani bila kumwambia kwamba mbwa wake anamnyima usingizi, seuze kutaja kosa la mtu mbele ya chakula.

"Hicho ni chambo, bwana," Orrin aliniambia tulipobaki wawili. "Usikimeze."

Sikukimeza. Kila dhoruba aliuliza, na kila dhoruba alijijibu peke yake. Siku moja nilimwona anapiga simu nyuma ya ghala la chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani, nikajibanza nisikilize anamripoti nani. Alikuwa anamwuliza mama yake dawa ya mafua. Hata hilo halikunituliza, nilidhani kaniona akageuza maneno.

Kisha asubuhi moja ukingo wa chuma wa daraja la kijito ukakutwa umepinda, na rangi ya malori yetu imeganda juu yake. Njia ile alikuwa amepita Orrin, na Renata akimfuata nyuma. Kwa hiyo Renata alikuwa ameona. Mhandisi wa kaunti, Halvorsen, alikuja na koti lake safi, akatukusanya mezani, akamgeukia Renata moja kwa moja: nani kagonga daraja? Orrin alikuwa ameishiwa damu usoni. Nikajisemea, leo kibaraka wa ofisi anaufanyia kazi mshahara wake.

"Langu nitakwambia lote," Renata alisema. "La mwenzangu atalisema mwenyewe. Maswali yale tunaulizana ili turudi wazima, si ili mtu afukuzwe."

"Basi majaribio yako yanaishia leo," Halvorsen akamjibu.

Renata akaanza kukusanya glavu zake. Hakumtupia Orrin hata jicho. Na mimi, kwa jinsi roho yangu ilivyo, bado niliwaza kwamba wamepanga mchezo, kwamba atatoka hapo na kurudi na cheo. Nilimtazama mpaka alipofika mlangoni.

"Kaa chini, dada," Orrin akasema. Alisimama taratibu, mikono juu ya meza. "Nilikusudia kupita katikati ya daraja. Nimegonga ukingo." Akainua kidole cha tatu, cha swali la mwisho. "Kwa nini? Jicho langu la kulia halioni tangu vuli, na niliogopa kusema."

Halvorsen alifunga koti lake, akasema Orrin ahamie kunoa bledi humu ndani, na habari ya kumfukuza Renata hakuirudia tena. Mhandisi alipoondoka nilibaki nimekaa, nikimsubiri Renata aringe kidogo tu, nipate sababu ya kuendelea kumchukia. Hakuringa; alirudi tu kukaa mahali pake.

Orrin alichomoa mfukoni ufunguo wa lori lake, akausukuma mezani mpaka mbele ya Renata.

"Linavuta kushoto," alimwambia. "Lizunguke kwanza kabla ya kuwasha."