Mhasibu Aliyezungumza na Mume Wangu

Mhasibu wetu pale mjini Volos ndiye aliyetujazia ritani ya kodi ya mapato kila mwaka. Ana mikono laini inayonukia limau, na hulamba kidole kabla ya kufunua karatasi. Sauti yake ni ya kubembeleza. "Kaka Stratos, mkeo kapata kiasi gani safari hii?" alikuwa akimuuliza mume wangu, nami nimeketi papo hapo, unga ungali kwenye kucha. Duka la mikate ni langu. Nilikuwa nikijibu mimi, yeye anamshukuru Stratos.

Mwaka huu nilikwenda peke yangu, maana Stratos tulimzika Januari. Mhasibu alinipa pole, kisha akachungulia mlango nyuma yangu. "Mwanao hajaja?" "Yuko Ujerumani. Wamtakia nini?" "Basi mpigie simu nimweleze yeye. Mambo ya kodi yatakuchosha bure, mama." Nilizichomoa karatasi zangu chini ya viganja vyake, nikatoka. Alinifuata mbio hadi barabarani. "Mke wa Stratos! We, mke wa Stratos!" Sikugeuka. Jina langu alikuwa akiliandika kila mwaka, kwa mkono wake mwenyewe.