Pini Iliyotakiwa Ivunjike

Niliondoka nyumbani, upande wa Kaengesa, asubuhi moja baada ya mavuno ya ulezi, nikiwa na spana nne, bisibisi na shati la kubadilisha. Mama aliniuliza naelekea wapi. Nikamwambia nitajua nikifika barabarani. Shule nilikuwa nimeiacha zamani, darasa la sita, kwa sababu kila nilipopita karibu na mashine inayonguruma nilisahau njia. Ufundi niliupata kwenye mashine za kusaga za Sumbawanga, kwa kuangalia, kufukuzwa, na kurudi kuangalia tena. Lori la kwanza kusimama lilikuwa linakwenda Kabwe kufuata dagaa. Kama lingekuwa la Mbeya, leo ningekuwa naandika habari nyingine.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka ya Sumbawanga, ambayo tulizoea kuyaona na rafu tupu, yalijaa redio, baiskeli na vipuri vya kila namna, vya kweli na vya bandia. Wageni nao wakaanza kuja na miradi yao. Kabwe, mbele kidogo ya mwalo ambapo wavuvi huegesha mitumbwi, mmoja wao alikuwa amefungua kambi ya watalii.

Mchana niliofika nilimkuta Meneja wa kambi amesimama majini, suruali imekunjwa hadi magotini, anaitukana injini. Boti ilikuwa nyeupe, ina viti vya kuegemea na turubai la kivuli. Haikubeba mzigo wala haikuvua kwa ajili ya chungu. Kazi yake ilikuwa kuwatembeza wageni, ambao walivua samaki kwa ndoano, wakapiga nao picha, kisha wakawarudisha ziwani. Wavuvi walisema wageni wale wanaenda kuwaomba samaki radhi.

Niliomba kujaribu. Nikafungua plagi, nikaisugua kwa msasa, nikaikausha, injini ikawaka. Meneja akaniuliza nimesomea wapi, nikajibu Sumbawanga. Alidhani ni chuo, na mimi sikumsahihisha. Jioni ile nilikuwa fundi wa boti.

Mkubwa wangu majini alikuwa Nahodha, mtu mfupi, mpole, ambaye kila mtu alimwita Baba Skola kwa jina la bintiye wa kwanza. Hakuonja pombe. Walimtania kwamba ziwa zima limejaa maji lakini yeye ndiye mkavu kuliko wote. Siku yangu ya pili aliniketisha mchangani, akafungua sanduku la mbao na kutoa kila kitu kimoja kimoja.

"Fundi, majini hakuna gereji," aliniambia. "Kisichomo humu hakipo duniani."

Vijana mnaofanya kazi hii sasa mnatazama simu kwanza. Sisi tulitazama sanduku. Ndani yake mlikuwa na plagi mbili mpya na spana yake, kwa sababu injini ya kuchanganya oili na petroli huchafua plagi upesi. Kamba ya kuwashia, kwa siku ile iliyo kwenye injini itakapokatika mkononi. Mpira wa petroli wa akiba na chujio lake. Impela, yaani feni ndogo ya mpira inayovuta maji ya kupoza injini. Ikichakaa, injini inaungua huku wewe unaimba. Plaizi, tupa, msumeno wa chuma, waya laini, vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Kipande cha sabuni ya mche, cha kuziba tanki likianza kuvuja. Kopo la kutolea maji. Na nje ya sanduku, kafi mbili. Meneja hakuzipenda, alisema zinawatia wageni wasiwasi. Siku moja aliiacha moja ufukweni, na Nahodha akakaa mchangani amekunja mikono mpaka ilipoletwa.

Mwisho alitoa pini za propela, vijiti vya shaba vyenye urefu wa kidole gumba. Nilikibana kimoja kwa plaizi, kikapinda. Nikamwambia Nahodha tumeuziwa bandia, hata msumari una nguvu zaidi. Alicheka mpaka akajifuta macho.

"Wewe ni mtu wa mashine za kusaga," alisema. "Kwenu kitu kizuri ni kisichovunjika. Hiki kimetengenezwa kivunjike. Propela ikigonga mwamba, pini inakatika, unaweka nyingine, unakwenda nyumbani. Pini ikigoma kukatika, gia zinakatika kwa niaba yake. Gia utazibadilishia wapi, kwa mamba?"

Nilielewa. Nataka hilo lijulikane. Sikufanya nilichofanya kwa kutojua.

Pale mwaloni palikuwa na desturi moja. Mvuvi akikwama, mwenye kipuri humpa. Haandikiwi wala hadaiwi. Naye atampa mwingine siku nyingine. Meneja aliikataza kwetu. "Hii ni boti ya starehe, fundi, si boti ya huruma," aliniambia, akaniwekea kufuli kwenye sanduku na ufunguo shingoni. Nahodha aliposikia alisema tu kwamba Meneja hajawahi kukwama.

Msimu wangu wa pili, Ijumaa moja asubuhi, walikuja ndugu wawili wavuvi. Pini yao ilikuwa imekatika na nyavu zao ziko ziwani tangu jana. Injini yao ilikuwa sawa na yetu. Sandukuni zilibaki pini mbili. Nikawapa zote, moja ya kuweka na moja ya akiba, nikijua lori la Sumbawanga litaniletea nyingine Jumanne, na wageni hawakutarajiwa kabla ya hapo. Mchana nilipokuwa naijaribu boti karibu na ufukwe, propela ikachimba mchanga, na pini yetu ikakatika.

Jumamosi asubuhi Meneja akatokea na wageni wawili, mtu na mkewe. Wanataka kwenda kwenye miamba ya kaskazini, sasa hivi. Nilikimbia mwaloni. Wenye injini kama yetu wote walikuwa ziwani.

Ningemwambia Meneja, angejua nimetoa vipuri vyake. Ningemwambia Nahodha, asingeondoa boti, na Meneja angejua vilevile. Nikachukua msumari wa inchi sita, nikaukata kwa msumeno, nikaupiga tupa. Uliingia vizuri kuliko pini yenyewe. Hata niliona fahari kidogo.

Nahodha alikuja akauliza alichouliza kila asubuhi. "Sanduku kamili, fundi?"

"Kamili, Nahodha."

Asubuhi ziwa lilitulia. Wageni walivua, walicheka, walitupa ndizi. Kuelekea saa nane upepo wa kusini ukaamka na Nahodha akageuza boti, akipita karibu na miamba alipozoea kupita kila siku, kwa sababu alijua alichonacho sandukuni. Propela ikagonga. Pini ikikatika husikika mlio mmoja mdogo. Mimi nilisikia mashine inayotafuna jiwe. Kisha injini ikapiga kelele kama imefunguliwa kamba, na boti haikusogea.

"Badilisha pini," alisema Nahodha bila kugeuka.

Nilifungua sanduku, nikaingiza mikono, nikaiacha humo.

"Fundi. Pini."

"Hazipo."

Hapo akageuka. "Uliweka nini?"

"Msumari."

Hakunitukana. Mpaka leo ningependa angenitukana. Alinipa kafi moja, akashika ya pili, tukapiga maji, lakini mawimbi yalikuwa yanatupeleka miambani na mwanamke yule mgeni alikuwa amemshika mumewe analia. Nahodha akaona tutagonga ubavu. Akachukua kamba, akaruka kwenye mwamba ili aishike boti mbele, na akafaulu. Aliishika, tukawashusha wageni wote wawili kwenye jiwe la juu. Mimi nilipokuwa nashuka wimbi likainyanyua boti na kuiweka juu ya kifua chake.

Ndugu wale wawili ndio waliotuona wakirudi na samaki wao. Walitukokota kwa pini niliyowapa. Baba Skola alikata roho kabla hatujafika mwaloni, kichwa chake kikiwa juu ya miguu yangu.

Askari alikuja kuuliza. Meneja alieleza kwamba Nahodha alipita mahali pasipostahili. Mtu mwingine akaongeza kwamba huenda alikuwa amekunywa, na neno hilo likatembea Kabwe nzima kwa siku moja, maana linaeleza kila kitu bila kumsumbua mtu. Mimi nilipoulizwa chanzo nilisema, "Mwamba." Ilikuwa kweli. Nilijificha nyuma ya kweli hiyo, na gia nilizifungua peke yangu, mtu asiuone msumari.

Baada ya maziko Mama Skola alinifuata nje ya uzio. Aliuliza kwa sauti ndogo: "Baba, wewe ulikuwa naye. Alikuwa amekunywa?"

Neno moja lingetosha. Lakini nikisema hakunywa, angeuliza basi ilikuwaje. Nikasema, "Sijui, mama."

Wiki ile niliondoka. Nilitengeneza mashine za kusaga Namanyere, pampu za maji Mpanda, boti za mizigo Kigoma, chini ya mabwana wakali na wapole, na Fundi Mkuu mmoja wa Kigoma alinisifu kwamba sijawahi kutoka bila akiba kamili. Sikumwambia kwa nini. Niliacha kazi macho yalipoanza kuniangusha, nikawa siwezi tena kuona ufa kwenye plagi.

Vijana huniuliza wabebe nini. Nawatajia vyote nilivyovitaja hapo juu. Mkigawa vipuri sitawalaumu. Nami ningewapa tena wale ndugu. Lakini kilichopungua kisemwe kabla kamba haijafunguliwa, kwa sauti, mbele ya atakayeshika usukani. Boti itabaki ufukweni, bosi atafoka, utafukuzwa labda. Nimefukuzwa mara nyingi maishani na sikuwahi kufa.

Mwaka huu nilipata habari kwamba Mama Skola alirudi kwao, bondeni Rukwa, mahali ambapo sikuwahi kufika pamoja na kuzurura kwangu kote. Nikateremka ukingo kwa pikipiki, nikaulizia. Alikuwa barazani pa nyumba yake, anapepeta mchele. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kunitambua. Nikamwambia mimi ni yule fundi. Ungo ukasimama.

Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Ndugu wavuvi, msumari, swali la asubuhi na jibu langu. Nikamwambia hakunywa, hakuwahi kunywa. Aliuweka ungo chini.

"Wanangu wamekua wanaitwa watoto wa mlevi," alisema. "Skola aliwahi kunikazia macho akaniuliza kama nilikuwa naficha ulevi wa baba yake."



Akasimama, akapangusa pumba magotini, akanionyesha mlango wa chumba cha uani.

"Utalala humo. Kesho nitamwita Skola na baba zake wadogo. Utawaambia hivyo hivyo, hupunguzi kitu."

Alikwenda kuniwekea maji ya kuoga. Nikavua viatu mlangoni, nikaingia.