Maziwa ya Mama Uwitonze

Kavira, binti wa muuza duka wa Mweso, alipata kazi ya muda kwenye tume ya taifa ya haki za binadamu: kupanda vilima vya Masisi na kuandika maneno ya watu walioumizwa na vita. Walimkataza kabisa kupokea kitu chochote kwa shahidi.

Kule Nyamitaba, Mama Uwitonze, ambaye wanawe wawili walichukuliwa na watu wenye bunduki, alimwekea maziwa kabla ya kusema lolote. Kavira akasukuma kikombe kando.

"Mama, kazi inanikataza."

Jamani! Kwa wafugaji, kukataa maziwa ni kumkataa mwenye nyumba. Mama akafunga mdomo, na wanawe hawakuandikwa popote.

Kontra, mkataba wake na tume, ikaisha; Kavira akarudi dukani kupima chumvi. Maziwa yale hayakumtoka moyoni.

Vita vilipoikumba Nyamitaba, Kavira alimkuta Mama Uwitonze katika kambi ya wakimbizi pale Mweso. Mama akamchotea maji kwa kikombe kilekile.

"Mangombe ilikwisha. Kunywa hii maji, mutoto wangu."

Kavira akanywa yote. "Sasa niambie, Mama. Nakusikiliza."

Mama akamtazama kwa huruma. "Nikikuambia leo, wewe utaambia nani?"