Kadi Nilizozijaza Kabla ya Wagonjwa

Nakumbuka siku moja, mwanangu, enzi zile tunaitana Ndugu, nilipokuwa karani wa masjala katika hospitali moja huko Upanga. Nilikuwa msichana mwenye maringo. Nilisifiwa kwa kasi, na siri ya kasi yangu ilikuwa aibu tupu: kila asubuhi nilichukua rundo la kadi mpya, na kwenye mstari wa "Ajali au kuumia" nikaandika "Hakuna" kwenye kadi zote, kabla hata mgonjwa mmoja hajafika.

Siku hiyo aliletwa Mzee Salim, muuza nazi wa jumla pale Kariakoo. Alipepesuka, alilalamika kuumwa kichwa, majina ya wanawe yalimpotea. Daktari aliisoma kadi yangu, akaona ni akili za uzee. Nami nikaingiza hivyo hivyo kwenye daftari la magonjwa, pamoja na namba ya ugonjwa huo. Likaitwa gari la kumpeleka hospitali ya vichaa.

Mkuu wetu, Ndugu Mushi, Mchaga asiyepandisha sauti, akazikuta kadi zangu zilizobaki. Hazikuwa na majina, lakini zote zimeandikwa "Hakuna".

"Binti, huyu asiye na jina umemuuliza lini?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamkumbuka Mzee Salim, nikatoka mbio. Nilimkuta anapandishwa garini, mkewe kamshika mkono.

"Shikamoo mama. Baba aliwahi kugonga kichwa?"

"Marahaba. Aa, kama miezi miwili hivi, kwenye mlango wa ghala. Lakini hakutoka hata tone la damu, mwanangu. Na hakuna aliyetuuliza."

Nikaushika mlango wa gari, nikakataa liondoke! Daktari aliposoma kadi niliyoisahihisha, alisema huenda damu imekuwa ikivuja polepole na kuukandamiza ubongo. Wakamtoboa fuvu, ikatoka damu nyeusi. Siku ya tatu Mzee Salim alimwita mkewe kwa jina, akauliza nani kaachiwa nazi zake. Masjala nzima tulishangilia, Ndugu Mushi naye akapiga vigelegele kama mama wa bibi harusi. Nikaukata ule uzee daftarini, nikaandika: damu ya muda mrefu kuzunguka ubongo, baada ya kugonga kichwa. Sijawahi kuandika mstari ulionifurahisha kama ule.

Mwanangu, nawe unayeanza kazi hii ya kuandika wagonjwa, usimjibie mtu aliye mbele yako. Muulize, msubiri, ndipo uandike. Na ukikosea, usione haya kukimbia mbele za watu ukarekebishe. Mungu akupe sikio lisilochoka, na kila utakayemwandika arudi kwake kwa miguu yake mwenyewe.