Majina ya Dar es Salaam Nyumbani Kwetu

Katika daftari langu la majina ya miji, Dar es Salaam imechukua kurasa tatu. Kwa Kiarabu ni nyumba ya amani. Hapa kisiwani kwetu, Chokocho, wazee huiita Bara, kana kwamba nchi yote ya ng'ambo ni mji huo mmoja. Vijana husema Bongo. Kwenye karatasi ya rufaa aliyopewa mama yangu hospitali, paliandikwa DSM tu, na daktari akaniambia tusichelewe, uvimbe wa tumboni unakua.

Mama alikubali kwenda, ila kwanza aombe radhi kwa kila aliyewahi kuishi naye, kama ilivyo kwa mtu anayesafiri mbali. Nilikata tiketi za boti ya Jumamosi kutoka Mkoani. Niliona siku nne zinatosha.

Alipita nyumba kwa nyumba, kanishika mkono.

"Nisamehe, shoga, kama nilikukosea."

"Nimekusamehe, hata yule kuku wangu uliyemla," jirani akajibu. "Lakini ukirudi na miwani yako ya Bongo usijifanye hutujui."

Mama alicheka huku amejishika tumbo. Kila nyumba ilitaka akae, anywe chai, akumbushwe mambo.

Ijumaa jioni alikuwa amebakiza dada yake wa Gando, ambaye hawakuwa wamesemezana naye tangu mazishi ya baba yao.

"Tumpigie simu, mama."

"Radhi haiombwi kwa simu."

"Boti inaondoka kesho asubuhi."

"Naiondoke, mwanangu."

Nilikuwa nimepanga hoja zangu kwa mpangilio, na hakuna hata moja iliyofaa. Nani atamzuia mama yake kuomba radhi?

Tulifika Gando Jumatatu, maumivu yake yalipotulia kidogo. Mama mkubwa alianza kulia kabla mdogo wake hajamaliza sentensi. Tukalala huko siku mbili, kwa sababu hawakutaka kuachana. Tuliporudi mama hakuweza tena kusimama, na daktari akasema hatastahimili safari.

Sasa anaswali akiwa amelala. Akishatoa salamu huomba dua ninayoisikia tangu utoto, kwamba Mola atuingize Peponi, *daras-salaam*. Hayo ndiyo matumizi ya kwanza ya jina hilo niliyoyajua, na daftarini sikuyaandika. Mkoba wake wa safari bado umefungwa, uko nyuma ya mlango. Mimi huitikia amina, kisha humgeuza ubavu wa pili.